Mtani wa Mzee Lourenco

Kama kuna mtu Shangani nzima asiyeweza kupita penye jambo bila kuuliza, ni Zulmira. Siku nesi wa zahanati alipowakusanya watu wanaouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, akataka mmoja ajitolee kuongoza kikundi, wote waliinama, kila mtu ghafla kaona kitu kwenye kandambili zake. Zulmira akanyoosha mkono. Malipo hakuna, chai unajinunulia. Alitaka tu kujua wenzake wanaishije na kitu kile.

Basi kila Jumamosi wanakaa barazani kwake, wanabangua korosho huku wanazungumza. Kazi yake yeye ni maswali. Mama yako anakuita nani siku hizi? Nyimbo anazikumbuka? Akikasirika anatukana kwa lugha gani? Watu walicheka, wakalia, na wiki iliyofuata wakarudi.

Kumbe kiongozi mwenyewe ya nyumbani yalikuwa yamemshinda. Baba yake, Mzee Lourenco, Mmakonde aliyevuka Ruvuma akiwa kijana, alikuwa hataki kula. Kila akiwekewa sahani alitabasamu kwa adabu zote: "Nashukuru mama, nimeshiba." Alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni, na nesi alishasema wazi kwamba akiendelea hivyo watampoteza.

Jumamosi moja Zulmira akaiweka aibu pembeni, akawaambia wenzake.

"Ukimpelekea chakula unamwambiaje?" akauliza Abdulmalik, Myao asiyejua kunyamaza, fundi pikipiki anayemuuguza mama yake.

"Namwambia karibu chakula, baba. Jisikie uko nyumbani."

"Ala! Unamkaribisha mtu kwake? Ndiyo maana anakujibu kama mgeni! Mgeni gani wa kwetu anakubali sahani akikaribishwa mara moja?"

Zulmira akaacha kubangua. Heshima yote ile, kumbe ndiyo inamfukuza mzee kwenye chakula! "Sasa nifanyeje, kaka?"

Abdulmalik akainuka. Aliingia ndani, akachukua bakuli la ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, lililokuwa mbele ya mzee, akaanza kutafuna.

"Nyie Wamakonde mmezoea panya," akasema. "Ming'oko mtaiweza wapi? Tuachieni sisi Wayao."

Zulmira, aliyemfuata hadi mlangoni, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee akainua kichwa, macho yamemchangamka.

"Myao mwizi wewe! Lete hapa!"

Akampokonya bakuli, akala huku anatukana mpaka jasho linamtoka. Mambo mengi yalishamtoka kichwani, lakini utani wa Wamakonde na Wayao alikuwa nao wote.

Ila Abdulmalik ana mgonjwa wake, hawezi kuja kila siku. Zulmira akabaki na swali lililomnyima raha: na mimi je? Mtoto hamtanii baba yake, hata kuliwaza tu jambo hilo alijisikia vibaya. Lakini ni mtoto gani, ikiwa baba mwenyewe hamtambui? Alitaka kujua, na palepale aliogopa.

Kesho yake mchana akajifunga kanga kiunoni, akaketi mbele ya baba yake, akamega tonge kwenye sahani ya mzee.

"Mla panya wewe," akasema, "hebu pisha Wayao tule."

Mzee akamkazia macho. Kisha akaangua kicheko, akaivutia sahani kwake, akameza tonge, akamega jingine.

"Una bahati binti yangu hayupo," akasema mdomo umejaa. "Angekusikia unanitukana, ungetoka mbio humu ndani."

Zulmira akauliza, "Mkali hivyo?"

"Nani, Zulmira? Jaribu uone! Hata inzi hataki anitue."

"Yuko wapi?"

"Kaenda sokoni. Anarudi sasa hivi."

Zulmira akamsogezea mchuzi. "Basi kula, Mmakonde. Akija akute umemaliza."