Hatua Kumi na Mbili za Malka

Mama yangu alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji, na katika kanisa letu, hapa kando ya mto chini ya Garsen, "Amina" yake hutangulia ya kila mtu. Kwa hiyo Jumapili ile aliponyamaza, nilisikia ukimya wake kuliko nilivyosikia sauti za wengine wote.

Msomaji siku hiyo nilikuwa mimi. Nilipewa zile laana za Kumbukumbu la Torati zinazosomwa moja moja, na baada ya kila moja watu huitikia Amina. Nikafika kwenye laana ya mtu anayesogeza mpaka wa jirani yake. Kanisa likaitikia. Mama alifunga mdomo, akanikazia macho. Nilipotea, nikasoma laana ileile mara ya pili, na watu wakadhani ni shida ya miwani.

Haikuwa miwani. Shamba letu linapakana na malka, njia inayoachwa wazi katikati ya mashamba ili ng'ombe wa wafugaji washuke mtoni kunywa. Sisi Wapokomo tunalima ukingoni, Waorma wanachunga nyikani, na mto ni mmoja. Malka ikizibwa, ama ng'ombe hupita juu ya mahindi, ama hufa kwa kiu, na yote mawili yamewahi kutuletea misiba ambayo hatupendi kuihadithia.

Mwaka ule mafuriko yalipopungua, yaliacha tope jeusi zuri ajabu. Yalikuwa pia yamezoa vigingi vya mti wa mkoma vilivyoonyesha mwisho wa shamba letu, vyote isipokuwa kimoja. Mama alikuwa anaugua miguu, kwa hiyo niliyepanda ni mimi. Kile kigingi nilikikuta kimeinama kwenye tope. Nikaking'oa, nikakianika, nikakifanya kuni ya kupikia uji. Kisha nikapanda mahindi hatua kumi na mbili ndani ya malka, huku nikijiambia kwamba aliyefuta mpaka ni mto, si mimi. Nilijiamini kabisa, maana nilipotaka kujidanganya sikuwahi kuwa mvivu.

Kiangazi kilipoingia alikuja mzee wa Kiorma ambaye alikuwa akinywesha hapo tangu sijazaliwa. Alikuta njia imebaki nyembamba, ng'ombe hawawezi kupita bila kula mahindi. Hakugomba. Aligeuza kundi, akalipeleka malka nyingine, mwendo wa nusu siku. Nilimwona nikiwa kibandani, na naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

Mama alikwenda shambani siku moja kabla ya Jumapili ile, kuchuma kunde, miguu ikiwa imepata nafuu. Alikawia. Aliporudi alisema tu, "Mahindi ni mengi mwaka huu," akaketi kuchambua kunde zake.

Jumatatu asubuhi alichukua panga. Mahindi yalikuwa yameshatoa nywele, bado wiki chache tuanze kuchoma.

"Mama, tuvune kwanza," nilimwambia. "Hiki ndicho chakula chetu."

"Na ng'ombe watakunywa lini? Sisi tukishashiba?"

Akaanza kukata. Huyu ni mwanamke anayeinama njiani kuokota punje moja iliyoanguka, na alikuwa akilaza mistari mizima bila kupumzika. Alikuwa pia amemtumia yule mzee salamu, naye akafika na ng'ombe wake, mbavu zao zinahesabika.

"Mama, hii mahindi unakata ni ya nani?" mzee aliuliza.

"Ni yetu. Tulikula njia yako, mzee. Unisamehe. Nionyeshe mpaka ulipokuwa, mimi sina hakika."

Mzee aliingia kwenye mahindi, akatembea hatua tano kuelekea kwetu, akachomeka fimbo. "Hapa."

"Si hapa," mama alisema. "Malka ilikuwa pana. Songa."

"Wewe iko na watoto, mama. Hapa inatosha."

"Songa, mzee."

Akasonga hatua mbili, shingo upande, akakataa kabisa kuendelea. Mama naye akakataa kukubali. Nimeona watu wakigombania ardhi ya mto huu maisha yangu yote, kila mmoja akivutia kwake. Hawa wawili walikuwa wanagombana kweli, sauti zimepanda, na kila mmoja alikuwa akimsukumia mwenzake udongo. Nilishikwa na hofu, ile ya mtu aliyeingia mahali patakatifu na matope miguuni. Neno haki nilikuwa nimelisoma kanisani mara nyingi kwa sauti nzuri. Sikuwa nimewahi kuliona kwa macho.

Ndipo nilipotambua kwamba mama alikuwa anakisia na mzee alikuwa anatuhurumia. Aliyejua kigingi kiliposimama ni mimi peke yangu. Ningenyamaza, hatua tano zingebaki zetu, tena kwa baraka za wote wawili. Niliwapita, nikahesabu hatua tano nyingine, nikasimama.

"Ni hapa," nilisema. "Kulikuwa na kigingi. Nilikiona, nikaking'oa."

Mama alinipa panga, akakaa chini kukanda miguu yake. Nilikata mistari iliyobaki mimi mwenyewe, nikilia, na sikujali nani ananiona.

Mwaka ule njaa ilitugusa, siwezi kusema haikutugusa. Ila bado ninamwona yule mzee asubuhi ile, ng'ombe wake wenye kiu wakishuka mtoni kwa kusukumana, naye amesimama kati yao na shamba letu, fimbo imenyooshwa, akiwakemea kwa Kiorma kila waliponyoosha shingo. Walipita wote. Katika mahindi yetu yaliyobaki, hawakugusa hata bua moja.