Swabur, aliyeswali bila kuiachia kamba

Saa mbili asubuhi, Sop Sop, wilayani Tororo, Uganda. Swabur Muyonga amelala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo, akitazama mshumaa unaoshuka taratibu kwa uzi. Mwali unayumba, unatulia, unaendelea kuwaka mpaka chini. Maana yake hewa ipo.

Anainuka na kupangusa kifua. Mwenzake, Matayo Imalingat, yuko tayari, kamba imepitishwa chini ya makwapa na kukazwa kifuani. Swabur anainua viganja, midomo inachezacheza. Imalingat anafanya ishara ya msalaba. Kisha anakaa ukingoni, anageuka, na ardhi inammeza.

"Polepole, Hajji," sauti yake inatoka chini.

Swabur hajawahi kufika Makka. Hilo ni jina alilopewa na Imalingat kwa utani, nalo limemganda.

Wawili hawa wanachimba visima kwa mikono. Imalingat, mwenye umri wa miaka 47, huingia shimoni. Swabur, miaka 41, hubaki juu. Huvuta ndoo ya udongo, huteremsha ndoo tupu, na jioni humvuta mtu. Kisima kimoja humpa kila mmoja takriban shilingi laki mbili za Uganda, na mvua zikikolea miezi hupita bila kazi.

Ukimsalimia Swabur kwa mkono ndipo unapojua. Viganja vyake ni laini kama ngozi ya ngoma, vimejaa kovu linalong'aa, na vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki. Wanaoijua habari yake humshika mkono huo kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Zamani hakuwa mtu wa visima. Alizaliwa Busia mjini, katika familia ya wachukuzi, na kwa miaka mingi alivusha mizigo ya watu mpakani kwa baiskeli: sukari, sabuni, magodoro. Mpaka ulipofungwa wakati wa korona, baiskeli ikalala. Mkewe, Mastula, aliuza sufuria mbili ili binti yao Nuriat apate dawa ya malaria.

"Nilikuwa naamka alfajiri naswali, halafu nakaa tu," anasema Swabur. "Kwenda, nakwenda wapi?"

Ndipo Imalingat, aliyekuwa akimuuzia Mastula mtama, alipomwambia anatafuta mtu wa kushika kamba. Hakutaka mtu mwenye nguvu nyingi. Alitaka mtu asiyelewa pombe.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, jua likiwa limekausha kila kitu, waliitwa na Mzee Olweny na mkewe Akumu, wakulima wa huku huku Sop Sop. Kisima kilikuwa kimefika pima saba, karibu mita kumi na tatu. Udongo mgumu ulikwisha, wakaingia kwenye mchanga wenye majimaji. Wachimbaji huupenda mchanga huo kwa sababu maji yapo karibu. Huuogopa pia, kwa sababu hauna mfupa.

Saa nne hivi, Imalingat akiwa chini, ukuta uliporomoka.

Ukingo wa juu nao ulimeguka, ukaondoka na nguzo moja iliyobeba gogo la kuzungushia kamba. Gogo likadondoka, likakwama katikati ya shimo. Kamba ikabaki mikononi mwa Swabur peke yake. Alianguka, akaburutwa, akapata kisiki cha mkwaju na kukiegemeza miguu. Akaizungusha kamba mgongoni na mkononi, akalala nayo nyuma.

"Nilimwita. Kimya," anasema. "Nikaita tena. Akanijibu: Hajji, usiachie. Mchanga umenifika kifuani."

Imalingat anaeleza mambo hayo akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakati wa kunywa uji. Husema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza ndani ya nyumba yenye mgonjwa.

"Ukitoa pumzi, mchanga inaingia pale kifua ilikuwa," anasema. "Ukivuta pumzi, hupati nafasi. Na maji ilikuwa inakuja kwa miguu, inanivuta. Kamba ndiyo ilinishika. Ikilegea kidogo tu, mimi nakwenda chini."

Majirani walikuja mbio. Mzee Olweny aliwazuia wasisogelee ukingo. Akumu alikwenda nyumbani kwake, akang'oa mlango wa chumba chake cha kulala, akaubeba kichwani na kuulaza kando ya shimo ili watu wapate pa kukanyaga. Wanawake wenzake walipoona, nao wakaenda kung'oa ya kwao.

"Mlango ni mbao," anasema Akumu. "Mtu alikuwa chini."

Vijana walimtaka Swabur awape kamba wampokee. Haikuwezekana. Ilikuwa imemzunguka na kubana. Kuifungua kungehitaji kuilegeza. Walichoweza ni kushika mkia wa kamba nyuma yake. Uzito wa mbele, ule uliokuwa ukitikisika kila Imalingat alipopumua, ulibaki kwenye viganja vya mtu mmoja. Ngozi ilikuwa imekwisha kuchunika.

Imalingat mwenyewe ndiye aliyewaambia la kufanya. Alitaka pipa la chuma, likatwe juu na chini, literemshwe limvae kama shati. Likikaa vizuri litazuia mchanga wa pembeni, naye atauchota ule wa ndani kwa bakuli la bati watakalomteremshia. Akumu alikuwa na pipa moja, alilopikia pombe. Olweny akatumwa kuleta patasi na nyundo, kazi ya kulikata ikaanza. Chuma kilikuwa kinene, nao walikuwa na patasi moja.

Jua likapinduka. Swabur aliona kivuli chake kimeanza kuegemea upande wa pili, akajua adhuhuri imeingia.

"Sikuwa na udhu, wala mkono wa kutayamamu," anasema. "Kibla sikujua kilipo, uso wangu ulikuwa kwa kisima. Lakini nilifikiri, nikingoja mpaka haya yaishe, huenda mmoja wetu hatakuwepo."

Akaswali pale pale, amelala nyuma juu ya kamba. Alipiga takbira bila kuinua mikono. Alisoma kwa sauti, ingawa adhuhuri husomwa kimyakimya, kwa kuwa alitaka mwenzake asikie kuwa bado yupo. Alirukuu kwa kichwa. Alisujudu kwa macho.

Akumu anakumbuka kwamba nyundo ilinyamaza. Hakuna aliyeamuru. Watu wa Sop Sop wengi ni Wakristo, na wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona mtu akiswali kwa karibu vile. Olweny alivua kofia. Kisha, kabla Swabur hajamaliza, akawapungia mkono waliokuwa wakikata pipa waendelee, akasema kwa kunong'ona kwamba Mungu hakasiriki kwa kelele ya kazi.

Chini, Imalingat alisikia maneno asiyoyaelewa.

"Kwanza nilijua ananiita. Nikajibu: niko hapa. Halafu nikaelewa haongei na mimi," anasema. Anatazama uji wake. "Wakati anainamisha kichwa, kamba inatingishika kidogo. Hapa, chini ya kwapa. Nilikuwa nasikia sala yake kwa mwili. Nikaanza yangu, kwa Kiteso. Nikamwambia Edeke, Mungu wangu, huyu mtu wa juu umsikie wewe, mimi sina pumzi ya maneno mengi."

Pipa lilishuka mchana ukiwa umesogea. Mara mbili lilikwama kwenye gogo, mara mbili wakalivuta. Mara ya tatu lilipita. Imalingat akainua mikono, likamvaa. Akaanza kuchota, bakuli moja, halafu jingine. Watu wa juu hawakuona kitu. Walisikia tu bati likikwaruza chuma, na kila likikwaruza wanawake waliitikia kwa Kidhopadhola, lugha ya hapo, kwamba Mungu asifiwe.

Baada ya alasiri Swabur alihisi kamba imebadilika. Uzito uliokuwa ukivutwa na ardhi ukawa uzito wa mtu. Akapiga kelele: vuteni.

Imalingat alitoka bila suruali, mchanga ukiwa umemjaa masikioni. Akatambaa juu ya milango mpaka kwenye kisiki. Ilibidi yeye, aliyetoka kaburini, aifungue kamba kwenye mikono ya aliyemshika, maana vidole vya Swabur vilikataa kufunguka.

Shehe wa msikiti wao Busia aliposimuliwa, alisema sala ile imetimia, haina haja ya kurudiwa. Akacheka kidogo kuhusu pipa la pombe, akasema Mola huokoa kwa analolitaka.

Swabur hata hivyo aliirudia, mikono ikiwa kwenye bendeji. "Si kwamba nilikuwa na shaka," anasema. "Nilitaka kusujudu."

Watu husikia habari hii wakadhani iliishia pale. Kwa Swabur, sehemu ngumu ilikuwa bado. Kwa miezi mingi hakuweza kushika hata kikombe. Mastula aliuza chapati stendi tangu asubuhi mpaka jioni. Imalingat aliitwa kazini na watu wa Osukuru, akaitwa na mwingine wa karibu na Malaba. Akawakataa wote. Alilima shamba lake, akaleta mtama Busia kwa baiskeli, akakaa na Swabur barazani bila kusema lolote kuhusu kisima.

Mikono ilipopona, woga ulibaki. Swabur alikuwa akisikia mlio wa kamba ya kuanikia nguo na jasho linamtoka. Akamwambia mkewe anaacha.

"Watu wanasema nina imani kubwa," anasema. "Siku ile nilikuwa na woga tu. Niliswali kwa sababu ya woga."

Mastula, mwanamke mfupi wa maneno machache, anakumbuka alichomjibu. "Nilimwambia, Baba Nuriat, kama uliogopa na Mungu akakusikia, basi kaogope huko huko kazini."

Akaenda. Kisima cha kwanza kilikuwa kifupi. Imalingat aliingia bila kuuliza kama yuko tayari, na Swabur anasema hakuna neno ambalo lingemtia nguvu kama ule mgongo uliomwamini, ukishuka.

Sasa wana mpango. Wamenunua kalibu ya chuma ya kufyatulia pete za zege, ya mtumba, ili kila wanapofika mchangani waushikilie ukuta kabla haujawaza kuanguka. Wanaitaka kwa kazi moja hasa. Huko Majanji, kwenye mwalo wa samaki, pale mitumbwi inapotia nanga ziwani, kikundi cha akina mama wakaanga dagaa kinachoongozwa na Provia Nabwire kimewaomba kisima. Wao na watoto wao hunywa maji ya ziwa, na kila mwaka kipindupindu hupita na mtu.

Mchanga wa pale ni mbaya kuliko ule wa kwa Olweny. Swabur amekwenda kuutazama. Aliuchota, ukamtiririka vidoleni wote.

Mvua zikipungua, mwezi wa kumi na mbili, watakwenda. Anaulizwa kama amekwisha kumwambia Mastula.

"Nimemwambia," anasema Swabur, akivuta ndoo, macho yakiwa shimoni. "Aliniuliza kitu kimoja tu, Imalingat naye anakwenda? Nikasema anakwenda. Akasema, basi nitafunga chapati za watu wawili."