Usipige Windo

Kwa mafundi wengi wa kompyuta hapa Dodoma, dawa ya kila ugonjwa ni moja: kupiga windo, yaani kuiwekea mashine Windows upya, na vyote vilivyokuwamo vifutike. Ndiyo maana mama mmoja aliyenitangulia juzi kwa fundi, kitambulisho cha kazini kikining'inia shingoni, aliikabidhi mashine yake kuukuu kama anayemkabidhi mtoto kwa madaktari wa upasuaji.

"Usipige windo, mwanangu. Nakuomba."

"Kuna nyaraka za ofisi, mama?"

"Kuna jeshi langu."

Fundi akadhani hakusikia vizuri. Mama akaeleza kwamba ni gemu la vita vya sayari, lile la zamani la kuchezwa kwa zamu, na yeye yuko nalo tangu chuoni. Mashine ikawashwa. Diski ikagonga, tk, tk, tk, na mama akang'ang'ania ukingo wa meza mpaka kucha zikabadilika rangi. Kisha sayari nyekundu ikatokea, ngome yake imezingirwa na maadui pande zote.

"Hao hapo," akanong'ona. "Zima."

"Cheza kidogo basi, mama, tuijaribu."

"Weee! Hapo ni zamu yangu. Nisipobonyeza, na wao hawasogei. Mwaka wa tisa huu."

Nilicheka. Nyumbani, ndani ya droo, nina bahasha ya majibu ya hospitali ambayo sijaifungua tangu mwezi uliopita. Zamu ni yangu, na mimi sibonyezi.