Mikono ya Mama wa Ngomeni

Sikulazimishi uniamini. Lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Kibarani, kwenye kichumba changu cha kazi.

Mimi huunda kibodi za kompyuta zilizogawanywa vipande viwili, kila mkono na chake, kwa watu wanaoandika kutwa hadi mikono ikawauma. Mteja huweka kiganja juu ya karatasi, nakichora kwa penseli, kisha kila kitufe nakipanga pale kidole kinapofika. Kanuni ni kuchora mikono yote miwili. Nami, sikufichi, nilikuwa hoi. Mwezi mzima nalehemu, macho yawasha, mgongo si wangu tena. Nikawa nachora mkono mmoja tu, wa pili naugeuza ule ule kwenye kompyuta, kama kwenye kioo. Nani angejua?

Adhuhuri moja akaingia mama wa makamo, buibui limemfunika hadi vidoleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Natoka Ngomeni. Nawaandikia watu barua siku nzima, mikono yaniuma."

Akatoa mkono wa kulia, nikauchora.

"Na huu mwingine?"

"Mmoja watosha, mama. Mikono ni pacha."

"Pima yote miwili, mwanangu. Nakusihi."

Nikakunja karatasi. Laiti ningemsikiliza!

Wiki ya pili akarudi, saa ile ile. Kipande cha kulia kikamkaa sawasawa. Kisha akautoa mkono wa kushoto, akauweka juu ya kipande cha pili, na kidole gumba kilikuwa upande wa nje. Umenielewa? Yule mama alikuwa na mikono miwili ya kulia!

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alionekana amechoka kuliko mimi.

"Wewe ni fundi wa tatu," akasema taratibu. "Kila mmoja aijua mikono yangu kabla hajaiona. Basi niazime wako."

Akanishika mkono wa kushoto. Kiganja chake kilikuwa baridi. Nikafumba macho, nikasoma kila dua niliyofunzwa chuoni. Nilipofumbua, hayupo. Kibodi nayo kaichukua, maana sasa yamfaa.

Mie je? Njoo unitazame. Gumba langu la kushoto liko nje. Mama yangu akinipakulia wali huinamisha uso, aniona nasitasita: nile kwa upi, nitawadhe msalani kwa upi, na yote ni ya kulia? Kulehemu siwezi, chuma cha moto chaniponyoka. Kazi niliyoisomea kwa taabu imekwenda, na naumia, wallahi.

Wewe fundi, uwe wa kibodi au wa viatu, umechoka? Funga duka ukalale. Mteja akikuomba umpime yote miwili, mpime. Yule mama alisema anauazima tu mkono wangu. Kwa hiyo kila adhuhuri mlango nauacha wazi nikimngoja, karatasi mbili na penseli ziko mezani.