Nadhiri ya Mama

Nilipougua nikiwa mchanga, mama yangu alimwahidi Mungu kwamba nikipona nitakuwa padre. Nilipona. Kwetu Kisaju, ng'ombe ukishampa mtu humwombi akurudishie, kwa hivyo nilikua nikijua mimi ni wa Mungu, kama ndama aliyetiwa alama sikioni.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa seminari, sina wito hata kidogo, na naogopa kutoka. Siku moja tukapewa kazi ya kumsoma padre mmoja Mhispania, mwanafalsafa aliyefundisha miaka mia nne iliyopita. Alikuwa mtu wa kuchosha. Kila swali aliligeuza mara kumi kabla ya kulijibu. Nilikuwa nasinzia nilipofika mahali anaposema kwamba nadhiri humfunga yule aliyeiweka peke yake. Mtu hawezi kumwekea mwenzake, hata mzazi kwa mwanawe. Nilisoma ukurasa huo mara nne. Kisha nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu niingie pale.

Likizo ilipofika nilimweleza yeyo, mama yangu, yale niliyosoma. Alikuwa anakamua ng'ombe, na hakuinua kichwa.

"Huyo padre yako ako na uhakika?"

"Yeyo, kitabu chote ni uhakika tu."

Akaendelea kukamua hadi kibuyu kikajaa.

"Miaka hii yote," akasema, "nimekuwa nikitaka kumwomba Mungu anirudishie mtoto wangu, nikaona haya."