Mwavuli wa Sista Melania

Sista Melania, muuguzi, alikuwa na miaka hamsini na minane, miguu iliyovimba kila ifikapo saa nane mchana, na mwavuli wa bluu ambao kijiji kiliujua kuliko kilivyomjua mwenyekiti wake. Akifika zahanati asubuhi aliuning'iniza kwenye msumari juu ya mlango, kwa nje, mvua inyeshe isinyeshe. Mjamzito aliyetoka kule mialoni, wanakooshea mchanga wa dhahabu, akiuona tu alishusha pumzi: Sista yupo, leo nitazaa salama. Wapo walioomba uchungu uwasubiri mpaka zamu yake. Na yeye, tusifichane, jambo hilo lilimpendeza. Nani hapendi kungojwa?

Zahanati yenyewe iko nje kidogo ya Katoro, ukiiacha barabara ya Ushirombo na kufuata njia ya malori ya mawe. Kwa miaka kumi na mmoja Melania alifanya kazi pale na tabibu Boaz, Msabato asiyegusa chai, na kwa miaka yote hiyo walibishana jambo lile lile, yeye na kikombe chake cha chai ya rangi, Boaz na uji wake wa ulezi.

"Mtoto hakuomba kuja," Melania alikuwa akisema. "Akishakuja, amekuja. Wewe nani wa kumwambia arudi?"

"Na aliyembeba je? Yeye si mtoto wa mtu? Unamlazimisha azae, halafu siku za kulea huonekani."

"Mimi naonekana, Boaz."

Hapo tabibu alirudi kwenye uji wake, maana ilikuwa kweli. Nyumbani kwa Melania walilelewa watoto wawili wasio wa damu yake, ambao mama zao walikuja kwake wakilia kwamba hawawataki. Aliwaambia wazae, walete. Wakazaa, wakaleta, wakaenda zao.

Msimamo huo hakuuokota kitabuni. Alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi alipata mimba, na mwanaume mwenyewe akamletea jina la mtu wa Ngokolo ambaye angeimaliza kabla haijaonekana. Alikataa. Akasimamishwa masomo, akakaa mwaka mzima kwa shangazi yake akifua nguo za watu na tumbo likiwa mbele, kisha akarudi kuanza upya. Mimba ile leo ni Edson, mwanaume wa miraba minne anayeshusha makontena bandari kavu ya Isaka na kumpigia mama yake simu kila Jumapili. Ukimwambia Melania kwamba wakati mwingine hakuna njia nyingine, alikuonyesha picha ya Edson.

Wasichana waliofika zahanati wakivuja damu walikuwa na jibu moja, utadhani wamelisomea: "Nimeanguka na ndoo." Melania hakupenda kudanganywa. Alisimama kando ya kitanda na kuuliza. Ndoo ya wapi? Bomba lipi? Nani alikuona ukianguka? Aliuliza mpaka msichana akalia na kusema, na ndipo alipomtundikia dripu. Aliwatibu wote, hakumfukuza hata mmoja, wala hakumpeleka yeyote polisi. Ila kwanza alitaka ukweli. Aliamini kabisa kwamba anawasaidia.

"Sista, damu kwanza," Boaz alimwambia mara nyingi. "Toba ina muda wake."

"Dakika tano hazijamuua mtu."

Na Jumamosi asubuhi, jumuiya ilipokutana kusali nyumbani kwa huyu au yule, yeye ndiye aliyepewa nafasi ya kusema na mabinti. Alisema vizuri, lazima tumpe haki yake. Alimtaja Edson, watu wakacheka na kufuta machozi. Mabinti walikaa nyuma, karibu na mlango wa jikoni, wakiangalia vidole vyao vya miguu. Mmoja wao alikuwa Noela, mtoto wake wa ubatizo, binti wa rafiki yake Asteria. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akiwauzia wachimbaji chapati na akijua kuwanyamazisha kwa utani pale walipovuka mpaka. Melania alimpenda kuliko alivyoonyesha.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Melania akiwa zamu peke yake, alikaa akikunja chachi. Nje alisikia bodaboda ikisimama, ikinguruma kidogo pale pale, kisha ikaondoka kwa kasi. Hakuinuka. Miguu ilimuuma, na alidhani ni mteja wa duka la jirani.

Alhamisi ndipo alipopata habari kwamba Noela amelazwa Geita mjini. Alipika uji, akaujaza kwenye chupa, akapanda gari. Alimkuta Asteria kwenye benchi nje ya wodi, amevaa kandambili zisizofanana.

"Mama Noela, kwa nini hukumleta kwangu? Ni hapo tu!"

Asteria hakuinua kichwa. "Tulikuja."

"Lini?"

"Juzi. Ngusa wa bodaboda alisimamisha pikipiki mlangoni kwako. Noela katikati, mimi nyuma nimemshika, damu imelowesha kiti. Akauona mwavuli. Akasema, mama, yuko yeye, twende mbele. Nikamwambia, Mama Edson hawezi kukufukuza, ni nkoi wangu, rafiki yangu wa miaka yote. Akanijibu, hatanifukuza, ataniuliza. Akaanza kulia. Nikaona nikibishana naye nammalizia nguvu. Tukaondoka."

Melania alikumbuka ule mngurumo. Alikumbuka na chachi aliyokuwa akiikunja.

"Wamekitoa kizazi," Asteria alisema. "Kuna kitu alikunywa huko, akakaa nacho siku tatu bila kuniambia. Daktari anasema tungewahi kidogo, labda. Labda, Mama Edson. Saa nzima ile ya njiani."

Melania alisimama na chupa yake ya uji. Miaka yote alikuwa akiwataja watoto waliookoka kwa ajili ya maneno yake, Edson, na wale wawili wa nyumbani. Sasa walikuwapo watoto wa Noela ambao hawatakuja kamwe, na hakujua awataje wapi. Aliona aibu. Huzuni ilikuja baadaye, lakini cha kwanza kilikuwa aibu, tena ya kumfanya atamani kuketi sakafuni.

Wodini Noela aligeuka ukutani alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mabega ya msichana yalikakamaa. Alikuwa anasubiri maswali. Melania alivuta kiti, akakaa, akamshika mguu juu ya shuka, na hakusema neno mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Mabega yale hayakulegea hata mara moja.

Boaz hakumcheka wala hakumkumbusha alichokuwa akimwambia. Siku kadhaa alikunywa uji wake, akaenda kuona wagonjwa. Mwishowe Melania mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Usifikiri nimehamia upande wako. Mtoto hakuomba kuja. Nitakufa nikisema hivyo."

"Mimi pia sijahama," alisema Boaz. "Mwenye tumbo ndiye mwenye kuamua."

"Haya."

"Haya."

Chai ilipoa. Miaka kumi na mmoja ya kubishana, na hakuna aliyekuwa amefikiria wanaouogopa mlango.

Wiki iliyofuata Melania aliuacha mwavuli nyumbani. Haikusaidia. Mama mmoja wa mialoni alifika getini na uchungu wake, akatazama msumari mtupu, akageuka, akazalia nyuma ya duka mikononi mwa mke wa mwenye duka. Mtoto alilia vizuri, Mungu alisaidia, lakini Melania alipoitwa kukata kitovu pale kwenye makreti ya soda alijisikia amechoka kuliko siku zote za kazi yake. Mwavuli ukiwepo unawafukuza hawa, usipokuwepo unawapoteza wale. Kesho yake akaurudisha msumarini.

Jumamosi alisimama kwenye jumuiya. Asteria hakuwepo. Hakuwa amekanyaga tena pale tangu Noela alazwe.

"Kutoa mimba mimi sitoi," alisema, "na nikiombwa nitakataa. Hilo mnalijua. Lakini anayevuja damu aje, hata kama mwavuli upo. Sitamuuliza kitu."

Salome, katibu, alikohoa. "Mama Edson, si ndiyo kuwafungulia mlango hivyo?"

"Mlango ulikuwa wazi, Salome. Walipita."

Hakuna aliyecheka wala kufuta machozi. Wakasali, wakatawanyika mapema, na wawili watatu hawakumpa mkono.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja, kama saa tano, Melania aliona kupitia dirishani msichana asiyemfahamu amesimama ng'ambo, penye kijiwe cha bodaboda, kanga imekazwa kiunoni. Alikuwa anautazama mwavuli. Melania alitaka kutoka amwite, akaogopa kumkimbiza, akabaki ameshika ukingo wa meza. Msichana alipiga hatua mbili kuelekea kwenye pikipiki. Akasimama. Kisha akavuka barabara polepole.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba."

"Nimeanguka na ndoo."

Bomba la kijiji lilikuwa limekauka, siku ya tisa hiyo. Maji yote yalikuja kwa madumu juu ya pikipiki kutoka Katoro, na hapakuwa na mtu kijijini aliyebeba ndoo. Maswali yalimjaa Melania mdomoni, yote, kwa mpangilio wake ule ule wa siku zote. Msichana alimtazama usoni akiyasubiri.

"Pole, mwanangu," alisema Melania, akaivuta stendi ya dripu. "Ndoo huwa nzito. Panda kitandani."