Sahihi Niliyoitia Asubuhi

Mama mkubwa alipogombea udiwani kule Mkunya, mimi ndiye niliyekuwa wakala wake kituoni. Kura zilihesabiwa mbele yangu. Aliongoza kwa mbali, nikampigia simu kumwambia. Kesho yake matokeo ya kata yakatangazwa: ameshindwa, na hesabu ya kituo chetu imegeuka, kura zake kapewa mpinzani.

Hakulia wala hakugomba na mtu. Alipanda bodaboda hadi Masasi kutafuta wakili, nami nikamfuata. Wakili akatueleza kwamba tuna siku thelathini tu za kufungua shauri, na kwamba mahakama haisikilizi manung'uniko, inataka ushahidi. Ushahidi wenyewe ulikuwa mimi. Nikaapa kwa maandishi kwamba niliona kura zikihesabiwa, nikazitaja zilivyokuwa.

Siku ya kusikilizwa, mahakamani Newala, nilikaa nje mpaka nikaitwa, maana shahidi haruhusiwi kuwasikia wenzake. Nilieleza vizuri, hata mwenyewe nikajisikia. Kisha wakili wa upande wa pili akanisogelea na karatasi, akauliza kwa upole kabisa:

"Sahihi hii ni ya nani?"

Ilikuwa fomu ya matokeo ya kituo chetu. Hesabu zilizogeuzwa zimejazwa juu, na chini yake sahihi yangu, na ule mkia ninaoupinda mwishoni.

"Ni yangu," nikasema.

Nikashika ubao wa kizimba. Hapo ndipo nilipokumbuka asubuhi ya uchaguzi, kabla mtu wa kwanza hajapiga kura: msimamizi wa kituo alituwekea sisi mawakala rundo la karatasi mezani, akasema tusaini zote mapema tusicheleweshane jioni. Nilisaini bila kusoma. Nilijaribu kumweleza hakimu, lakini wakili akauliza mbona hayo hayamo kwenye kiapo changu.

Shauri likatupwa. Nje nilipiga magoti mbele ya mama mkubwa, akaniinua.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua kama ni kosa, mama."

Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, kisha akaondoka peke yake.

Wiki nzima nilishindwa kwenda kumwamkia. Siku ya nane akaja mwenyewe, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi jikoni na kuniomba tumenye mihogo. Nilimenya huku nikiutazama mkono wangu wa kulia, na bado siamini kwamba ndio ulioandika.